Kujitolea kwenye hifadhi ya sokwe Uganda: nimlipe wakala au kuna njia nyingine?

Nyamizi wa Mwanza

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mwaka huu nimemaliza cheti cha uhifadhi wa wanyamapori hapa Pasiansi. Wenzangu wengi wanataka doria, mimi moyo wangu uko kwenye kuwatunza wanyama, hasa sokwe. Gombe na Mahale tunao wa porini, lakini ninaowataka mimi ni wale yatima wanaolelewa, na hao nasikia wapo huko Uganda.

Nimepata wakala mtandaoni, ofisi yake iko Ulaya. Anataka dola 1,650 kwa wiki tatu, kula na kulala ndani, nauli juu yangu. Amenitumia picha za dada mmoja amempakata sokwe mchanga aliyevalishwa nepi, anamnywesha maziwa kwa chupa. Baba amesema yuko tayari kuuza ng'ombe. Kabla hajauza, naomba mwenye kujua aniambie: bei hiyo ni ya kawaida? Mtanzania anaweza kuomba moja kwa moja? Na ukishafika, kutwa nzima unafanya kazi gani hasa?

Mtunza Entebbe

Marahaba mwanangu. Mwambie mzee ng'ombe wabaki zizini kwanza.

Mimi ni mtunza wanyama hapa Entebbe, kazi hii nimeianza kijana na sasa nina wajukuu. Wanaokuja kujitolea nimewapokea wa kila nchi. Nitaanza na hiyo picha, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike.

Mtoto wa sokwe hafiki mikononi mwa mtu kwa heri. Mama yake humnyonyesha hadi miaka minne au mitano, anambeba kifuani, akikua kidogo anamhamishia mgongoni, wala hamwachi. Ukimkuta mtoto peke yake sokoni au kwenye gunia la msafirishaji, jua mama ameuawa, na mara nyingi hata wengine wa kundi waliojaribu kumtetea. Wapo pia wanaonaswa na mitego ya nyaya iliyotegwa kwa ajili ya nguruwe pori na paa. Nenda msitu wa Budongo uone sokwe waliopoteza viganja. Yatima wa namna hiyo anahitaji mlezi mmoja au wawili wasiobadilika, halafu aingizwe taratibu kwenye kundi la wenzake. Ukimletea mgeni mpya kila wiki amkumbatie apige picha, kila mgeni akiondoka mtoto anafiwa upya.

Na kuna ugonjwa. Mwaka 2013 kwenye msitu wa Kibale, kundi la Kanyawara lilikuwa na sokwe 56. Ukaingia ugonjwa wa kifua, wakafa watano. Uchunguzi ulipofanyika kikaonekana kirusi cha mafua ya binadamu, yale ambayo mimi na wewe tunakunywa chai ya tangawizi yanaisha. Wale walikuwa wa porini, hakuna aliyewapakata. Sasa mahali panapokuruhusu kumbeba mnyama bila hata kukuuliza kama umepimwa kifua kikuu, hapo hawamlindi mnyama wala hawakulindi wewe.

Kwa hiyo muulize huyo wakala maswali haya. Kituo kinaitwaje? Ni mwanachama wa PASA, ule muungano wa vituo vya nyani na sokwe vya Afrika, ambao uliundwa mwaka 2000 hapahapa Entebbe? Wanyama wake wamepatikanaje? Na je, wanazalishwa? Kituo cha kweli cha sokwe hakizalishi. Ngamba, kile kisiwa chetu cha sokwe, majike huwekewa vijiti vya uzazi wa mpango, vilevile wanavyowekewa kina mama kliniki. Watu hushangaa wakisikia, lakini kisiwa kina karibu ekari 100 tu na yatima wanaendelea kuokolewa. Sokwe akitunzwa vizuri anaweza kufika miaka 50. Kila mmoja unayempokea leo, umemchukulia jukumu litakalokupita wewe umri. Kumrudisha porini nako si rahisi, kwa sababu madume wa kundi la porini humuua mgeni.

Ngamba ilianza 1998, iko kilomita 23 kutoka Entebbe ndani ya Ziwa Victoria, ziwa letu na lenu. Sokwe wapo kama 50. Mchana wanazunguka msituni, jioni wanarudi bandani kula na kulala kwenye vitanda vya kamba vinavyoning'inia. Msitu ule hauwezi kuwashibisha, kwa hiyo chakula kinavushwa kwa boti. Hapo ndipo kazi yako ilipo mwanangu: kuosha matunda, kukata mapapai, maboga na mafenesi, kupika uji, kusugua banda wakiwa wametoka, kuficha asali kwenye mashimo ya magogo ili watafute vijiti wachokonoe, na kuandika. Kuandika ni kazi kubwa. Nani amekula, nani amekataa, nani anakohoa, nani amekaa mbali na rafiki yake wa siku zote. Sokwe mgonjwa hujificha, asipokuwa na mtu anayeangalia kila siku anaanguka ghafla.

Wakati wa kula utasimama upande wako wa uzio wa umeme, na wao upande wao. Wapo wanaonyoosha mkono kiganja juu, wakakutazama usoni mpaka utupe tunda. Ukitupa vibaya likachukuliwa na mkubwa, yule mdogo anarudisha mkono palepale, anasubiri tena. Ukaribu wako na sokwe utakuwa huo. Kama huo unakutosha, njoo.

Kuhusu pesa. Kulipa si vibaya chenyewe, wanyama wanakula kila siku na vituo vingi huwatoza wageni wanaojitolea ili vijiendeshe. Ubaya ni pesa kuishia kwa wakala. Wewe una cheti na ni mtoto wa Afrika Mashariki, omba nafasi ya mafunzo kwa vitendo, moja kwa moja kituoni. Usiangalie Ngamba peke yake. Hapa mjini kuna kile kituo cha elimu ya wanyamapori, UWEC, kilianza 1952 kama makao ya wanyama yatima na wanafunzi hupokelewa sana. Viza huhitaji, ila kuingia kama mgeni na kufanya kazi ni mambo mawili hata kama hulipwi. Kituo kikuambie mapema kitakuombea kibali gani.

Mama Kisumu

Namuunga mkono mzee. Mimi nilitoka Kenya, nikaandikiana na kituo chenyewe, na nilicholipa nilipewa risiti ya kituo. Pesa nilizobakiza zilinitosha chanjo na basi.

Kitu kimoja hakuna aliyeniambia: wiki ya kwanza inaumiza. Mtoto mmoja alikuwa ameletwa, yuko karantini, na usiku unamsikia analia. Unatamani uende. Huendi, kwa sababu mlezi wake yupo naye, na wewe umeshuka kwenye basi juzi na vijidudu vya abiria sitini. Unakaza moyo, asubuhi unavaa barakoa unakata mapapai.

Jiandae kula posho na maharage, posho ndiyo ugali wao. Beba gambuti zako, za kituo hazina saizi za wanawake.

Abu Arua

Dada Nyamizi, fikiria na vifaru pia. Huku kwetu West Nile wazee wanasimulia vifaru weupe wa hifadhi ya Ajai, waliwaona kwa macho. Bunduki ziliwamaliza, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 Uganda nzima haikuwa na kifaru porini hata mmoja. Mwaka 2005 wakaletwa wanne kutoka Solio, Kenya, wakawekwa kwenye hifadhi iitwayo Ziwa huko Nakasongola, mwaka uliofuata wakaja wawili kutoka Florida, Marekani. Ndama wa kwanza alizaliwa 2009, baba wa Kenya na mama wa Marekani, akaitwa Obama. Wamezaliana hadi kupita 40. Hao ni jamii ya kusini, wale wetu wa kaskazini hawarudi tena, nami naona bora hao kuliko nyasi tupu.

Nayasema haya kwa sababu umesomea doria na unaidharau kidogo. Pale Ziwa kumtunza mnyama ndiyo doria yenyewe. Askari wanakaa na vifaru usiku na mchana, kwa miguu, mvua au jua, wanajua kila mmoja kwa pembe na masikio yake. Mafunzo yako ya Pasiansi yatakuwa na thamani kule kuliko kwa wakala yeyote.

Nyamizi wa Mwanza

Nimesoma yote mara mbili, na baba nimemsomea. Asanteni sana. Nimemwandikia wakala nikamuuliza jina la kituo. Amejibu kwamba jina hutolewa baada ya kulipa nusu.

Kaka Abu, doria siidharau, ila nimekuelewa. Mzee wangu wa Entebbe, kwenye barua niandike nini? Na Kiganda sikijui, nitaelewana na watu?

Mtunza Entebbe

Basi huyo wakala achana naye.

Lugha isikutie hofu. Kiingereza cha shule kinatosha kuandikia rekodi, na Kiswahili utawapata wa kuongea nao, mimi mmojawapo. Kiganda utaokota jikoni.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Usiandike kwamba unapenda sana wanyama, kila mtu anaandika hivyo. Andika unachoweza: kusoma nyayo, kujaza fomu za doria, huduma ya kwanza, kuogelea kama unajua, maana kule ni boti. Taja miezi unayoweza kukaa. Anayekaa miezi mitatu ana faida kwetu kuliko wa wiki tatu, ambaye akishazoea majina anaondoka. Ambatanisha cheti na barua ya mwalimu wako.

Chanjo zianze sasa, usisubiri majibu. Ya homa ya ini B ina dozi tatu na inachukua kama miezi sita kukamilika. Homa ya manjano uchome siku kumi au zaidi kabla ya kufika mpakani Mutukula, kadi wanaiangalia. Kifua kikuu upime karibu na safari, kwa kuwa kituo kitataka majibu mapya. Ukipata hospitali ya mkoa inayotoa zote, niandikie hapahapa nikuambie karatasi zipi wapige muhuri.