Mwanangu kakatwa maksi kwa kuandika pembe mbili, mwalimu wa tuisheni kanikera wallahi

Jamani salaam aleikum, leo naandika na hasira mnisamehe. Mwanangu yuko fomu thrii, wikendi nampeleka tuisheni hapa Kisauni, mia tano kila wiki na sijawahi kuchelewesha. Jana karudi kanuna, mahamri hataki mbaazi hataki, nikamwambia hebu lete daftari. Nakuta jibu limepigwa kalamu nyekundu mpaka karatasi imetoboka, na chini ameandikiwa "kalkuleta imetoa moja, wewe hii ya pili umeitoa wapi".

Swali lenyewe: pembetatu ABC, pembe A digrii 30, BC sentimita 5, AC sentimita 8, tafuta pembe B. Kijana katumia kanuni ya saini (ile sin ya kwenye kalkuleta), 8 mara saini ya 30 gawanya kwa 5, kapata 0.8. Kabonyeza shift kisha sin, 53.13. Halafu katoa hiyo kwenye 180 kapata 126.87, kaandika zote mbili. Hiyo ya pili ndiyo iliyokatwa.

Sasa weye mwalimu, kalkuleta imeundwa ikutolee jibu moja tu, kati ya -90 na 90, hiyo 126.87 haikupi hata ubonyeze mpaka maghribi, lakini haimaanishi kwamba haiko! Tafuta saini ya 126.87 uone kama si 0.8 ileile. Saini yakwambia kimo tu, haikwambii kitu kimelalia upande gani. Chukua ngazi ya mita 5 inayofika juu mita 4, ilaze kulia ama ilaze kushoto, kimo ni 4 tu, ila ukipima pembe zote kuanzia kulia moja yaja 53 na nyingine 127.

Na sisemi kila swali lina mbili. BC ingekuwa 10 ningenyamaza, maana hapo saini ya B ni 0.4, pembe ni 23.58, na ile ya pili 156.42 ukiongeza 30 ya A ushapita 180, hiyo kata. Lakini hii yetu 126.87 na 30 ni 156.87, C yabakiwa na 23.13, pembetatu imetimia, sasa wakata nini?

Nikachukua bikari nikamchorea mtoto usiku huohuo. Mstari mrefu kutoka A, kisha mwengine kwa pembe 30, huo nikaupima AC sentimita 8, nikachoma sindano pale C, bikari nimeifungua sentimita 5, nikazungusha. Ikakata ule mstari mara mbili! Tukapima na rula, alama moja kama sentimita 3.9 kutoka A, nyingine kama 9.9. Pembetatu mbili hizo hapo mezani, mtoto akaniangalia akasema "kwani nilikuwa sawa?" Roho iliniuma.

Na si hilo tu. Mtoto wa jirani, hukohuko, kaambiwa kalkuleta yake mbovu anunue ingine kwa sababu ilimtolea 0.927. Mbovu wapi! Ilikuwa kwenye rediani, kipimo kingine cha pembe kisicho digrii, pale juu ya kioo pana kaherufi R, nikaibadili ikasoma D, 53.13 ikaja palepale. Mamake alishatenga pesa ya kununua mpya na nyinyi mwajua mwezi ulivyo. Mwengine kafundishwa hiyo -1 juu ya sin maana yake ni moja gawanya, kapata 1.25 kaiita pembe. Ile -1 yamaanisha kurudi kinyume, una saini wataka pembe, basi. Kama mwalimu mwenyewe hajui haya mbona achukue pesa za watu?

Jumamosi naenda mwenyewe na ile karatasi na bikari yangu. Maksi 2 za mtoto zirudi, na lile neno alilomwandikia alifute kwa mkono wake, mtoto akiwa amesimama hapo anaona.