Mjadala: Je, mstaafu anayeishi kwa pensheni anaweza kumudu makazi ya pamoja?

Mtoa mada, Dodoma

Mimi ni mtumishi wa umma, na mwakani nitatimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima. Wenzangu kumi na mmoja, wengi wao wajane au watu ambao watoto wao wamehamia mbali, wamenishawishi tununue kiwanja kimoja na kujenga makazi ya pamoja: kila mmoja awe na nyumba yake ndogo yenye mlango wake, jiko lake na choo chake, halafu ukumbi, jiko kubwa, kisima na mlinzi viwe vya wote, na uendeshaji ubaki mikononi mwetu wenyewe. Naileta hoja hii hadharani kwa sababu kikundi kimegawanyika. Hatubishani kama jambo lenyewe ni jema. Tunabishana kama mtu ambaye kipato chake hakipandi anaweza kulimudu mpaka siku zake za mwisho.

Nianze na hesabu. Chukua mtumishi aliyechangia kwa miezi 360, ambaye wastani wa mshahara wake katika miaka mitatu bora ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Kikokotoo cha mafao kilichoanza Julai 2022 huzidisha mshahara wa mwaka kwa miezi ya uchangiaji, kisha hugawanya kwa 580. Jibu ni pensheni ya mwaka ya takriban shilingi 8,938,000. Kwa mkupuo wa asilimia 33, yaani sehemu hiyo ya pensheni ya mwaka ikizidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa pamoja anapostaafu, mtu huyo angepata karibu milioni 36.9, na pensheni ya 499,000 kila mwezi. Bajeti ya mwaka 2024 ilipopandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa sisi ambao zamani tulikuwa kwenye asilimia 50, mkupuo wake ukawa karibu milioni 44.7, lakini pensheni ya mwezi ikashuka hadi 447,000. Tulishangilia, nami nilikuwa miongoni mwa walioshangilia, ilhali milioni 7.8 zilizoongezeka zinarudishwa kidogo kidogo kwa makato ya shilingi 52,000 kila mwezi, na kwa miezi 150 zitakuwa zimekwisha. Aliyestaafu akiwa na miaka 60 akavuka 73 anaanza kula hasara.

Nimeitaja hesabu hii kwa sababu makazi ya pamoja yana bei mbili. Bei ya kuingia italipwa na mkupuo, na hiyo ndiyo inayojadiliwa katika kila kikao chetu. Bei ya kukaa italipwa na pensheni: mshahara wa mlinzi, umeme wa pampu, uzoaji wa taka, ukarabati wa paa la ukumbi. Tuseme tunaanza na mchango wa shilingi 60,000 kwa mwezi, ambao ni chini ya asilimia 14 ya pensheni ya mtu wetu. Gharama zikipanda kwa asilimia 8 kila mwaka, na pensheni ikasimama pale pale, baada ya miaka tisa mchango utakuwa karibu 120,000, zaidi ya robo ya pensheni yake. Hapo ana miaka 69, hana ajira, na wakati huo ndipo anapomhitaji zaidi mlinzi na jirani.

Kwa hiyo napendekeza tusimilikishane nyumba moja moja chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, kwa kuwa utaratibu huo humdai kila mmiliki mchango wake bila kujali kipato. Tusajili chama cha ushirika chini ya sheria ya mwaka 2013, nyumba zote ziwe za chama, na kila mwanachama achangie sehemu ya kipato chake. Mfano upo: LILAC, mjini Leeds, Uingereza, makazi ya nyumba 20 yaliyokamilika mwaka 2013, ambako mwanachama hulipa asilimia 35 ya kipato chake baada ya kodi, na hisa zake hukua kadiri anavyolipa. Naomba mnipinge.

Mwalimu mstaafu, Morogoro

Ndugu mtoa mada, nakupinga, na sina haja ya kwenda Leeds. Nina miaka 71, na pensheni yangu ni ndogo kuliko ya huyo mtu wako wa mfano. Nilipopata kiinua mgongo nilimalizia nyumba niliyoianza miaka kumi kabla, nikajenga vyumba vitatu uani, na vyumba hivyo ndivyo vinavyonilisha. Wapangaji wangu hulipa miezi sita kwa pamoja. Wewe unamwambia mstaafu achukue fedha yake ya mwisho, aiweke mahali ambapo haitamwingizia hata shilingi moja, na juu ya hapo alipe kila mwezi. Mimi ninalipwa na nyumba yangu. Yeye atailipa nyumba ambayo si yake.

Halafu, nani kasema makazi ya pamoja ni jambo geni? Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo na Magomeni, yenye korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua wenye jiko, choo na kamba ya kuanikia nguo, ni nini kama si makazi ya pamoja? Mama mwenye nyumba alikaa chumba cha mbele, wapangaji wakakaa vilivyobaki, na akiugua usiku watu watano walisikia. Tofauti ni kwamba kodi ilikuja kwake, na alipofariki nyumba ilibaki kwa wanawe.

Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, nawe umelipita kimya. Watoto wangu watarithi nini katika ushirika wako? Na majirani watasema nini wakisikia nimehama kwangu kwenda kuishi na wazee wenzangu? Watasema nimepelekwa kambi ya wazee, na aibu hiyo haitakuwa yangu peke yangu, itakuwa ya wanangu.

Mchangiaji aliyeko Leeds

Mimi si mwanachama wa LILAC, ila ninaishi mji huo huo, na ningependa mtoa mada aongeze jambo aliloliacha. Asilimia 35 inasikika kama rehema kwa mwenye kipato kidogo, lakini chama kilikopa ili kujenga, na mkopo lazima ulipwe, kwa hiyo kila ukubwa wa nyumba umewekewa kiwango cha chini cha kipato ambacho mwombaji hana budi kukifikia. Mwenye pensheni ndogo sana haingii. Kanuni hiyo inamlinda aliyekwisha kuingia, jambo ambalo ni tofauti na kumfungulia mlango aliye nje.

Waliofanikiwa kumwingiza asiye na mtaji ni wanawake wa New Ground, makazi ya pamoja yaliyoko High Barnet, kaskazini mwa London. Wote wana zaidi ya miaka 50. Nyumba zao ni 25, kati ya hizo 17 zinamilikiwa na wakazi wenyewe na 8 ni za kupanga kwa kodi nafuu, na hizo nane ziliwezekana kwa sababu taasisi ya hisani ilitoa ruzuku. Kikundi kilianza mwaka 1998, wakahamia mwaka 2016. Miaka kumi na minane, ndugu yangu! Mtu aliyejiunga akiwa na miaka 60 aliingia akiwa na 78, kama aliingia.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Huku kwetu Kenya, tangu mwaka 2020 kanuni zinamruhusu mwanachama wa mfuko wa pensheni kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake, isiyozidi shilingi milioni 7 za Kenya, kununua nyumba ya kuishi kabla hajastaafu. Aliyekwisha kustaafu hahusiki. Nalitaja hili kwa sababu nadhani mtoa mada na wenzake wamechelewa: jambo la namna hii huanzwa mtu akiwa na miaka 45, wakati mshahara bado unaweza kukatwa.

Mtoa mada, Dodoma

Mwalimu, shikamoo. Umenigusa mahali penye ukweli, nami nitakujibu bila kukwepa.

Kuhusu kodi ya vyumba, nakubali kwamba mstaafu aliyeifikia hatua uliyoifikia wewe hana sababu ya kuhama. Lakini wewe ulikuwa na nyumba iliyobaki kumaliziwa. Katika kikundi chetu wanne wana kiwanja kitupu, na watatu wana mapagale yasiyoezekwa, ambayo milioni 44 hazitayamaliza pamoja na vyumba vya uani. Mlinganisho wa haki kwao ni kati ya nyumba ndogo iliyokamilika na pagale. Tena, kwa heshima, naomba nikuulize: ukifika miaka 80 nani atapanda kutazama paa, na nani atamfuata mpangaji aliyehama usiku na deni la maji?

Mchangiaji wa Leeds amenirekebisha, nami nimeupokea urekebisho. Tukikopa, asilimia ya kipato haitatuokoa, kwa sababu benki haijali kipato cha mwanachama wa kumi na mbili. Hivyo naongeza sharti: tujenge kwa fedha tulizo nazo tu, nyumba za chini zisizo na ghorofa, hata kama ukumbi utasubiri miaka mitatu. Tena vyumba viwili au vitatu vya kupangisha vijengwe upande wa barabarani, kodi yake iingie katika mfuko wa chama na kufidia ongezeko la gharama. Wazo hili, Mwalimu, nimeliiba uani kwako. Kwa Nairobi: ni kweli tumechelewa, ila ndio umri tulio nao.

Kuhusu mirathi nilikaa kimya kwa sababu hata kikaoni tulikaa kimya. Ninavyofikiri sasa, mwanachama akifariki warithi walipwe thamani ya hisa zake, yaani alichoweka pamoja na nyongeza inayofuata kupanda kwa mishahara, wala si bei ya soko ya nyumba. Na chama kipewe hadi miezi 24 kukamilisha malipo, ili kisilazimike kuuza. Warithi watapata pungufu ya ambacho wangepata sokoni. Sioni namna ya kulikwepa hilo: tukiwalipa bei ya soko, mstaafu atakayeingia baada yetu atatakiwa kulipa bei hiyo hiyo, na makazi haya yatakuwa ya wenye fedha kabla hatujazikwa sote kumi na wawili.

Mwalimu mstaafu, Morogoro

Marahaba. Kuhusu paa, hilo hunikosesha usingizi, sitakuficha.

Lakini kipengele hicho cha mirathi kiandikwe kwanza, kabla hamjatoa hata shilingi ya kiwanja, na kila mmoja wenu akisome mbele ya watoto wake waliokwisha kuwa watu wazima. Wakishasikia wote, rudi hapa utuambie mmebaki wangapi kati ya kumi na wawili.