Acheni kutuwekea picha za chasi za vijiti na makopo bila maelezo!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimechoka na hizi picha za chasi, yaani fremu za chini, za vigari vya sloti (vile vidogo vya umeme vinavyokimbia vikifuata mfereji wa njia), chasi zilizoundwa kwa vijiti vya aiskrimu, CD kuukuu, vifuniko vya makopo na kadi za benki. Picha nne zimepigwa kwa mwanga safi, maneno "nimetumia takataka tu jamani", halafu sifa zinamiminika: hongera fundi, una mikono ya dhahabu. Mtu akiuliza bushi, vile vipete vinavyobeba ekseli, umezishikiza na nini, kimya. Akiuliza kama gari limeshakimbia, ndiyo kabisaa.

Sina ugomvi na takataka. Mimi mwenyewe kuunda chasi kwa shaba ya njano nimeacha siku nyingi. Ninachogombea ni kwamba chasi si pambo la kabatini. Inatakiwa ishike ekseli mbili ziwe sambamba, ibane mota isicheze ili pinioni (gia ndogo ya mota) na gia ya ekseli ziumane vilevile muda wote, na iuache ule ulimi wa mbele unaoliongoza gari uzunguke bila kukwama ndani ya mfereji. Kama hayo hayaonekani, umetuonyesha kipande cha CD kilichotiwa magurudumu.

Na hiyo CD yenyewe ina unene wa 1.2 mm. Ikate kipande kirefu chembamba uone kinavyopinda mota ikivuta, na kikipinda, gia zinaachana. Kadi ya benki ndiyo usiseme, 0.76 mm! Itumie kwa mbawa za kushikilia bodi, yaani ganda la juu la gari, huko inafaa sana. Kuifanya uti wa mgongo, tena karibu na mota inayochemka, ni kujitafutia kazi.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni bodi ya saketi, kwa sababu ni malighafi nzuri kweli na mnaiharibia jina. Ile ya kawaida ina unene wa 1.6 mm, haipindi ovyo, na utando wake wa shaba nyekundu unakubali risasi ya kulehemu, kwa hiyo bushi unazilehemu papo hapo. Lakini nani kati yenu aliwahi kuandika kwamba utando huo una 0.035 mm tu? Ukichelewa na pasi ya kulehemu unabanduka, na bushi inaondoka nao. Nani alisema lazima uukwangue kwa kisu uutenge vipande vipande, nyaya mbili za mota zisikutane? Kuna jamaa aliiga picha ya hapa hapa, akaweka gari njiani, umeme ukapiga shoti na mbio za watu wote zikasimama. Akachekwa yeye. Mwenye picha alikuwa bado anapokea hongera.

Spoku za baiskeli mnazoundia chasi nazo. Zile zisizoshika kutu hazikubali risasi kwa dawa ya kawaida ya kulehemu, zinataka dawa ya asidi, na asidi usipoiosha vizuri inakula ekseli na kuingia hadi kwenye mota. Sentensi moja tu ingetosha, lakini wapi!

Halafu kuna hawa wa "langu linashika kona vizuri sana". Linashika kwenye njia gani? Shaba ya njano ina kama gramu 8.5 kwa kila sentimita ya ujazo, bodi ya saketi haifiki hata 2. Chasi ya umbo lilelile inakuwa nyepesi mno, uzito wote unabaki juu kwenye ganda la gari, na kona ya kwanza gari linalala ubavu. Wewe hulioni hilo kwa sababu umebandika sumaku chini na njia yako ya plastiki ina reli za chuma zinazovutwa. Mwenzako mwenye njia ya mbao na utepe wa shaba, sumaku haina cha kunasa. Anatakiwa kuongeza uzito wa vipande vya risasi chini kabisa, usawa wa ekseli, na hukumwambia.

Kwa hiyo ukitaka sifa zangu, piga picha ya tumboni mwa gari. Andika uzito, umbali kati ya ekseli, bushi zimeshikwa na nini, kuna sumaku au hakuna, na limezunguka njia gani bila kutoka. Vijiti vya aiskrimu vikifaulu hapo, nitakuwa wa kwanza kuvikata.

Na wewe mwenye chasi ya rula ya chuma, usijifanye huuoni uzi huu. Swali langu la ekseli ya nyuma bado linakusubiri.