Kuimba mantra na wenzako kuna faida gani ya kiroho kuliko peke yako?

Mpangaji_wa_Juu:
Wakuu habari. Niko Nairobi kikazi, kuna jamaa ofisini ni Hare Krishna, wale wanaomwabudu Krishna, ndo kanifundisha kutumia mala, zile shanga 108, kila shanga unataja mantra nzima, yale maneno matakatifu ya kurudiarudia. Nafanya usiku nikishazima simu ila kabla sijafika nusu akili ishaenda kwenye kodi ya nyumba, mdomo unaendelea wenyewe tu. Yeye anasema njoo hekaluni Ngara tuimbe wote. Sasa hiyo tofauti ni ya kiroho kweli au raha ya ngoma? Maana raha ya ngoma hata harusini naipata.

Dasa254:
Kaka vyote tunafanya. Ya shanga ni japa, ya pamoja ni kirtan. Aliyepokea diksha, yaani kukubaliwa rasmi na guru, anaapa mizunguko 16 ya mala kwa siku, piga hesabu ni mantra 1,728, inakula kama masaa mawili, na akili ikitoroka uko peke yako nayo. Kwenye kirtan mmoja anatangulia wengine wanaitikia, kwa hiyo nusu ya muda kazi yako ni kusikiliza, na kwetu kulisikia jina la Krishna ndo ibada yenyewe. Ukikata pumzi jina halikatiki, jirani analo. Ndo maana Chaitanya, mtakatifu wetu wa kule Bengal, miaka ya 1500 mwanzoni aliwatoa watu barabarani na ngoma za mridanga na matoazi, Brahmin na wa tabaka la chini wote wanaitikia kitu kimoja. Na Prabhupada, mwanzilishi wa Hare Krishna, alipokuja Nairobi 1971 alisisitiza Waafrika waingie, isiwe ya Wahindi tu.

BintiUnguja:
Mie Muislamu, mantra zenu sizitii neno. Ila zikiri za Kadiria, ile tarika ya Kisufi, tunazo huku na Bagamoyo, watu wanasimama pamoja wanayumba, jina la Mungu linatoka na pumzi, na ukichoka wenzio wanakubeba. Lakini si kila anayeyumba yumo, wengine wamefata pilau 😂 Na wapo masheikh wanaoiita bidaa moja kwa moja.

Mpinzani_Rasmi:
Mi siamini chochote hapo, ni pumzi tu. 2001 watafiti Italia walipima watu wakisali rozari kwa Kilatini na wakitaja om mani padme hum, mantra ya Kibudha, zote zikashusha pumzi mpaka kama 6 kwa dakika, hiyo hata peke yako unaipata. Ya kikundi ni ile ya Sweden 2013, waimbaji wakiimba pamoja mapigo ya moyo yanapanda na kushuka kwa pamoja maana wanavuta pumzi pamoja. Roho iko wapi?

Dasa254:
Sasa mkuu ulitaka tuimbe bila mwili? Hayo hatukatai. Ila kwaya wanakuchuja kwa sauti, kirtan hata sauti ya chura inaitikia. Na faida usiipime kwa ulivyojisikia usiku ule, raha ile inaisha ukipanda matatu. Angalia Jumatatu bosi akikukaripia unajibuje.

Mpangaji_wa_Juu:
Hapo nimekupata. Lazima niwe Mhindu? Na sijui maneno yote.

Dasa254:
Hapana, njoo Jumapili. Viatu unaacha nje, maneno ni 16 tu na yanajirudia, kaa nyuma uitikie. Na usije umeshiba, kuna prasadam, chakula kilichotolewa kwanza kwa Krishna, haina nyama wala vitunguu lakini utaomba tena.