Ushauri: Nataka kutetea unyago kwenye mkutano wa kijiji, nianzie wapi?

Mkulima wa Masasi

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa ninyi mliozoea kusimama mbele za watu.

Mimi ni mkulima wa korosho wilayani Masasi, na ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi kijijini kwetu. Kimawazo ni mhafidhina, wala sioni haya kulisema. Naamini mtoto ni wa wazazi wake kwanza, dini na mila zina nafasi yake katika malezi, na serikali ikija nyumbani kwa mtu ipige hodi.

Mwezi uliopita asasi moja ilituita semina. Mwezeshaji akabandika karatasi kubwa ukutani, akaandika kwa wino mwekundu MILA POTOFU, akapiga mistari miwili chini yake. Ya kwanza kwenye orodha ikawa unyago. Akauliza, "Tunakubaliana?" Ukumbi ukaitikia ndiyo. Nilikuwa nimenyoosha mkono. Nikaushusha.

Kinachoniuma ni kwamba baadhi ya walioitikia, mwaka jana tu walipika pilau na kukesha na ngoma wakiwatoa mabinti wao unyagoni. Wakati wa soda mzee mmoja akaninong'oneza, "Tungesema, tungeonekana washamba."

Sitetei kila kitu. Kumtoa mtoto darasani kwa ajili ya ngoma ni kosa. Kumfanya binti ajione mke wa mtu kwa kuwa amechezwa unyago ni kosa kubwa zaidi. Lakini usafi wa mwili, adabu kwa wakubwa, kujithamini, hayo mke wangu aliyapata kule kwa kungwi, mwalimu wa unyago. Sasa kuna pendekezo la kupiga marufuku kabisa, linakuja mkutano wa kijiji. Nataka kupinga, ila naogopa kuonekana adui wa elimu ya watoto wa kike, na mimi mwenyewe nina binti darasa la sita. Nisemeje?

Mkorosho Mkongwe

Mwanangu, simama useme. Mfano unao hapo hapo Masasi. Wamisionari wengi walipoikuta jando waliiona ya kishenzi, wakataka ife. Vincent Lucas wa Kanisa la Anglikana, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, alichukua njia nyingine. Alikaa na wazee, yaliyogongana na imani yakatolewa, maombi yakaingizwa, vijana wakaenda jando la Kikristo. Kwa upande wa unyago kazi ilikuwa ngumu zaidi, na lawama hazikumkosa. Lakini mila ilichujwa bila kuuawa, na waliochuja ni wenye mila wakiwa wamekaa na kiongozi wao wa dini. Hapo ndipo ningeanzia.

Binti wa Nachingwea

Mimi nakupinga, kaka, na naomba unisome mpaka mwisho. Nilichezwa nikiwa darasa la tano. Nilikosa wiki tatu. Niliporudi, wavulana wakawa wananiita "mama fulani", na mwalimu wa hesabu alikuwa ameshafika kwenye sehemu. Mpaka leo sehemu zinanipiga chenga. Ukianza na uzuri wa mila kabla hujataja hilo, ningekuwepo ningekuzomea. Anza na likizo za Juni na Desemba. Halafu sema wazi kwamba mtoto mdogo hafundishwi mambo ya ndoa. Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ilishamaliza ubishi: vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana aolewe kabla ya miaka 18 vinakwenda kinyume na Katiba. Usiache mtu akudhanie uko upande ule.

Mtu wa Kanuni, Lindi

Ibara ya 18 ya Katiba inakupa uhuru wa maoni, na mkutano wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Mwone mtendaji mapema, hoja yako iingie kwenye ajenda, na ukishasema dai iandikwe kwenye muhtasari. Jingine: sheria ndogo ya kijiji haipitishwi kwa kupiga makofi. Wananchi wanatoa maoni, kisha inakwenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Kwa hiyo hata ukishindwa siku hiyo, bado una pa kusemea.

Mama Wali

Samahani kaka yangu, wewe uliingia unyagoni lini? Ya kule hayatoki kinywani mwa mwanaume. Ukianza tu kuyaeleza, kina mama watajifunika khanga usoni na hoja itakufa hapo. Wewe sema ya mzazi na ya shule. Ya ndani mwachie mkeo, au kungwi mwenyewe akubali kusimama.

Mkulima wa Masasi

Nimewasoma wote, asanteni. Mama Wali, umenigusa pale nilipokuwa sipaoni. Binti wa Nachingwea, pole sana dada, nimemsomea mke wangu maneno yako mara mbili. Alinyamaza kitambo, akaendelea kubangua korosho, kisha akasema atasimama yeye. Ila ameweka sharti: mimi nitangulie, na sentensi yangu ya kwanza iwe kwamba hakuna mwali wa kijiji hiki atakayekosa kipindi hata kimoja. Nimemkubalia. Kesho asubuhi nakwenda kwa mtendaji.