Binti yangu amebadilika tangu enzi za korona, ni balehe au sonona?

mama_wawili: Habari zenu wakuu. Binti yangu ana miaka 15, kabla ya korona alikuwa mtu wa kucheka na mashoga zake, shule zikafungwa akawa mtu wa chumbani na simu, nikasema itapita, sasa mambo yamesharudi kawaida ila yeye bado, hasira za karibu, usiku halali, chakula anagusagusa tu. Baba yake anasema ni balehe. Au najitisha bure?

mzee_wa_kona: Simu hiyo mama, mnyang'anye wiki moja uone

nesi_mstaafu: Mzee hapana, utamkatia na wale marafiki wachache waliobaki. Dada, sonona kwa vijana mara nyingi haiji na machozi, inakuja na hasira, ndo maana wazazi tunaona jeuri. Jiulize, imezidi wiki 2, karibu kila siku, na alivyovipenda havimvutii tena? Basi mpeleke kwa daktari. WHO wenyewe walisema mwaka wa kwanza wa korona sonona na wasiwasi vilipanda kwa asilimia 25 duniani. Na muulize waziwazi kama anawaza kujiua, kuuliza hakumpi wazo.

dogo_kimya: mi nilikuwa hivohivo, kilichonisaidia maza alikuwa anakaa tu na mimi bila maswali mia, tunaosha vyombo mdomo unafunguka wenyewe

mama_wawili: Asanteni. Hilo la kujiua sijawahi kumuuliza, naogopa kweli, ila jioni nitajaribu.