Ukuta wa mawe Mji Mkongwe: nibandike jipsamu kupunguza joto?

Mpangaji wa Ghorofani: Wakuu, naombeni ushauri wa haraka, fundi anaanza Jumatatu. Nyumba ya zamani Mji Mkongwe, Zanzibar, ukuta wa mawe unene kama sentimita 60. Chumbani juu joto halivumiliki, kiyoyozi kinakula umeme usiku kucha. Nataka kubandika kwa ndani zile shiti nyeupe nyepesi zinazofungiwa friji mpya, halafu jipsamu juu yake. Unene gani unatosha?

Saruji Kavu: Juu kuna dari au bati tupu?

Mpangaji wa Ghorofani: Bati. Ila mimi nimeuliza ukuta.

Saruji Kavu: Joto lako linatoka hapo. Ukuta wa futi mbili unachelewa kupata moto, jua la mchana unalisikia usiku. Weka dari, acha upenyo wa hewa chini ya bati, fungua madirisha jua likizama.

Mwana wa Amu: Sisi Lamu nyumba ya babu hatukujua feni. Sasa ndugu wanagombania nani aiuze, kesi mwaka wa ngapi huu. Usijenge na ndugu, nakwambia.

Jongoo: Hamia Lushoto, tatizo limekwisha 😂

Bi Shangani: Mwanangu, ukuta una nini mpaka unataka kuufunika?

Mpangaji wa Ghorofani: Kawaida tu.

Bi Shangani: Kawaida vipi?

Mpangaji wa Ghorofani: Haya. Plasta inabanduka, chini kuna unga mweupe, ukigusa unabaki mkononi. Aliyekaa kabla alipiga sementi. Lakini jipsamu itaficha yote, na bodi nishanunua, dukani hawarudishi.

Saruji Kavu: Ungesema mapema! Huo unga ni chumvi. Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, hunyonya maji na kuyatoa, sementi imeyafungia ndani. Ukiziba tena, vichwa vya boriti vitaoza ukutani na hutaviona. Chomeka bisibisi pale boriti inapoingia ukutani: ikizama kama kwenye ndizi, muite mhandisi kabla ya fundi. Kisha tafuta maji yanatoka wapi, bandua sementi, upige chokaa.

Mpangaji wa Ghorofani: Chokaa itachukua miezi kukauka. Fundi wangu ana uzoefu.

Mzee wa Kibali: Na Mamlaka ya Mji Mkongwe umewaambia? Huo ni Urithi wa Dunia tangu 2000. Jumba la kale la Beit al-Ajaib lenyewe liliporomoka sehemu Desemba 2020, bado mnachezea kuta. Vijana hamna adabu na vya wazee.

Kipepeo: Hii chai. Wiki iliyopita huyu huyu alikuwa anauliza soko la jipsamu Tabata. Mpangaji gani anakarabati nyumba ya watu kwa hela yake?

Mpangaji wa Ghorofani: Ile ni ya shemeji yangu, alitumia simu yangu.

Jongoo: Shemeji! Chai ina tangawizi 😂

Mwana wa Amu: Kwani bodi moja bei gani?

Mpangaji wa Ghorofani: Siuzi. Unataka ngapi?